Tabu 41

ATU: Ndaga fijo, wasikilizaji. Leo ni brauza, programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, inayoganda ukurasa ukiwa unafunguka. Nina mambo matano kwenye karatasi, na safari hii yote matano tunayamaliza.

SANGA: Ulisema hivyohivyo kwenye kipindi cha printa.

ATU: Kaka Sanga, tusianze.

SANGA: Haya. Jumatatu imeletwa laptopu ya stesheneri moja pale Mwanjelwa, Mbeya. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, GB 4, diski ya kuzunguka. Fomu ya maombi ya chuo ikifika katikati, mshale wa mausi unasimama, dirisha linapauka. Nikahesabu tabu, yaani kurasa zilizo wazi kwenye brauza: 41.

ATU: Tabu 41!

SANGA: Sasa utaziitaje?

ATU: Sijakataa. Mtu anabonyeza Ctrl na T, anajifungulia tabu mwenyewe, halafu anakuletea wewe umwondolee. (Kicheko)

SANGA: Soma karatasi yako.

ATU: La kwanza. Kabla hujagusa kitu, jua nani ameganda. Kiduara kikizunguka tu, bonyeza vidoti vitatu juu kulia. Menyu ikishuka, brauza ni nzima. Kinachokuchelewesha ni mtandao au tovuti yenyewe. Menyu ikigoma, ni brauza au mashine. Wengi wanakimbilia kununua bando jingine wakati bando halina kosa.

SANGA: Na chini kushoto hutokea maandishi madogo. Yakikwama kwenye kutafuta anwani ya tovuti, hiyo ni DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba.

ATU: DNS ni la tano!

SANGA: Basi la pili. Chrome ya Windows, bonyeza Shift na Esc. Inakuja orodha ya tabu zote na ramu inayoliwa na kila moja. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu, zenye njaa zinapanda juu. Chagua moja, imalize. Kwenye Firefox andika about:processes pale pa anwani. Ile ya Mwanjelwa, juu kabisa ilikuwa mechi ya moja kwa moja. GB 1 na ushei.

ATU: Tabu ya Simba au ya Yanga?

SANGA: Siri ya mteja.

ATU: Basi hiyo ni tabu ya kujitakia. Ila waeleze kwa nini mashine nzima inasimama, siyo brauza peke yake.

SANGA: Chrome inaipa karibu kila tovuti chumba chake, moja ikianguka zisife zote. Usalama mzuri, lakini vyumba vinakula ramu. Ramu ikijaa, Windows inahamishia baadhi ya data kwenye diski, ikizihitaji inazirudisha. Chukua Hiace ya Uyole: imejaa, konda anashusha watatu Kabwe, anapeleka waliobaki, anawarudia wale. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika haiziwezi safari hizo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, inafunguka Task Manager ya Windows, utaikuta diski iko asilimia 100 na prosesa inapiga miayo.

ATU: Kwa hiyo dawa ni ramu. Fikisha GB 8.

SANGA: Dawa ni SSD, diski isiyozunguka.

ATU: SSD haiongezi kiti hata kimoja! Abiria utawashusha kwa kasi, lakini bado unawashusha. Na kule kuandikaandika kunaichosha SSD yenyewe.

SANGA: Ramu haiharakishi Windows kuwaka, wala brauza kufunguka asubuhi. SSD ya inchi 2.5 inakaa palepale ilipotoka diski. Ramu, mtu anauziwa DDR3 ya volti 1.5 na laptopu inataka DDR3L ya 1.35. Anachomeka, haiwaki.

ATU: Asome kibandiko, PC3L, herufi L ipo. Na ukurasa wa kumbukumbu kwenye hiyo Task Manager unaonyesha nafasi ngapi zina vijiti vya ramu. Ikiwa 1 kati ya 2, unachomeka cha pili, data ya mteja hujaigusa. Wewe unahamisha Windows nzima.

SANGA: Saa moja tu.

ATU: Umeme ukikatika dakika ya 50?

SANGA: Laptopu ina betri.

ATU: Betri ya laptopu ya stesheneri! Wewe umewahi kuiona hiyo?

SANGA: Sibadiliki, dada Atu. SSD kwanza, ramu baadaye.

ATU: Ramu kwanza. Na tabu zipunguzwe.

SANGA: Hapo kwenye tabu tuko pamoja. Zimebaki dakika mbili.

ATU: Mbili? La tatu, haraka. Kwenye Chrome, Ctrl, Shift na N, dirisha la faragha. Humo ekstensheni, zile programu ndogo za kuongezea brauza, huwa zimezimwa, isipokuwa ulizoziruhusu. Tovuti ikifunguka vizuri humo, washukiwa ni ekstensheni, au vidakuzi na kashe, yaani data za tovuti ambazo brauza imezihifadhi. Zima ekstensheni zote, washa mojamoja hadi ugandaji urudi. Ukizifuta kwa mkupuo hutamjua mwizi. Na kashe usiifute kila siku, maana kurasa zitashuka upya zikila bando. La nne...

SANGA: Kadi ya picha. Hiyo inataka nusu saa yake.

ATU: Na DNS?

SANGA: Muda, dada.

ATU: Karatasi yangu hii jamani. Nifunge?

SANGA: Funga. Anza na hizo 23 zako hapo, feni inasikika mpaka kwenye rekodi.

ATU: Hizo nazisoma.