Siku ya Tatu Mpe Jembe

Haya watu wangu, habari za jioni. Leo siwasalimu kutoka Minneapolis, Marekani. Niko nyumbani Nairobi, mtaa wa Umoja, nje ya mlango wa ploti yetu, nimeketi kwenye stuli chini ya kamba za nguo. Mkisikia mtoto akilia, ni wa jirani, anaogeshwa. Kamera ameishika mdogo wangu. Ndiye anayeniambia nisogee kushoto, kwamba jua limenikaa usoni. Nitakayoyasema yanamhusu, na ameniruhusu niyaseme. Jina amekataa nitaje.

Mdogo wangu anatumia kiti cha magurudumu tangu alipoanguka na pikipiki mwaka 2016. Ni fundi wa simu. Meza yake iko hapa pembeni, ina taa, ina bisibisi ndogo kama sindano, na kuanzia saa mbili asubuhi watu wanamletea simu zilizopasuka vioo. Kodi ya chumba chake anajilipia.

Sasa, binti wa shangazi yetu anaolewa mwezi ujao. Kikundi cha WhatsApp cha kamati kimefunguliwa, na mimi niliye ng'ambo miaka tisa jina langu liko namba tatu: shilingi 50,000, pamoja na keki. Sikulalamika, ni haki yao. Nikashuka na ile orodha. Mahema, fulani. Maji na soda, fulani. Usafiri wa wazee, fulani. Hata binamu mwenye miaka kumi na saba amepewa kupanga viti. Nikafika mwisho, mdogo wangu hayumo.

Nikamuuliza, "Wewe hukuchanga?" Hakunijibu, akanipa simu yake nisome. Alikuwa ametuma shilingi 2,000 kwa M-Pesa saa moja jioni. Saa mbili na dakika kumi pesa zimerudi, na ujumbe nyuma yake: "Mwanangu, hizi kaa nazo, wewe una mahitaji mengi. Mungu akubariki."

Shangazi yangu ni mtu mwema. Nataka mlielewe hilo kabla hamjaanza kumsema huko chini. Alirudisha zile pesa kwa mapenzi. Lakini mimi nililala nikiufikiria ule ujumbe. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtu huacha kuwa mgeni siku anayopewa kazi. Sasa huyu kijana amezaliwa hapa, amekulia hapa, na tangu ajali hakuna aliyempa jembe. Amefanywa mgeni kwao. Akija kwenye matanga anatafutiwa kivuli, anawekewa chai, anaambiwa pole. Mimi niliyeondoka nahesabiwa, na yeye ambaye hajaondoka hata siku moja ndiye hahesabiwi.

Na mimi pia nina deni lake. Miaka mitatu ya kwanza pesa za dawa zake nilimtumia mama. Nikipiga simu namuuliza mama, "Anaendeleaje?" na mdogo wangu yuko hapo hapo kwenye kochi, anasikia kila neno. Sikuwahi kusema, "Nipe niongee naye." Nimemwomba msamaha juzi. Akasema sawa, akaendelea kufungua simu ya mteja.

Jumanne tulikwenda mjini kununua vioo vya simu, barabara ya Luthuli. Pale steji kondakta wa kwanza akanitazama mimi: "Madam, huyu tunamweka wapi?" Tunamweka. Mdogo wangu akamjibu mwenyewe, kwa upole, kwamba atakaa mbele kwa dereva na kiti kinakunjwa. Yule kijana hakugeuza hata shingo. Akaniambia mimi, "Basi utamlipia viti viwili." Nikafungua mdomo, mdogo wangu akanishika mkono. Anawajua. Gari likaondoka. La pili halikusimama kabisa.

La tatu, kondakta alishuka, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mdogo wangu, akauliza, "Bosi, wewe hupenda kubebwaje?" Akaelekezwa: mmoja chini ya makwapa, mmoja chini ya magoti, halafu vuta kitambaa cha kiti juu kitajikunja. Dakika moja haikuisha, na hakuna abiria aliyechelewa popote. Tulipofika mbele kidogo akapitisha mkono kudai nauli. Mdogo wangu akatoa mia, akarudishiwa ishirini yake mkononi mwake. Nilitazama dirishani ili asinione nikifuta machozi. Kurudishiwa chenji, watu wangu. Kurudishiwa chenji kama abiria yeyote.

Kule ninakoishi basi linainama upande wa mlango, ubao unateremka, dereva anainuka na kukifunga kiti kwa mikanda. Kwa muda mrefu nilidhani ule ni utajiri tu, au kwamba wale watu ni waungwana kutushinda. Sivyo. Julai 1978, mjini Denver, watu 19 wenye ulemavu waliyazingira mabasi katikati ya barabara, wakalala hapo usiku kucha kwa sababu hawakuweza kuyapanda. Sheria ya Marekani nzima ilikuja mwaka 1990. Yaani wenyewe waliidai kwa miili yao.

Sisi karatasi tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na kufika mahali pote na kupanda magari ya umma. Mwaka 2025 tukapata sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 900,000 wenye ulemavu, na shida iliyoongoza ni ya kutembea, kama huyu. Lakini hakuna sheria itakayomlazimisha shangazi kupokea shilingi elfu mbili. Hiyo iko kwetu, kwenye kamati zetu na vyama vyetu. Hata lugha yetu: kiwete, kipofu, kilema, tuliwapa majina yanayoanza na ki-, kama kiti na kikombe, halafu tukazoea kuwabeba na kuwaweka kama kiti na kikombe. Viziwi wenyewe jina lao wamelichukua na wanajiita hivyo kwa fahari, hilo ni lao. Huyu wa kwangu anasema mwiteni fundi.

Jana usiku shangazi alikuja. Mdogo wangu akamwambia mbele yetu sote, "Shangazi, sitaki kusamehewa mchango." Kimya. Shangazi akakoroga chai ambayo haikuwa hata na sukari. Akasema, "Nilidhani nakupunguzia mzigo." Akajibiwa, "Ule mzigo naupenda." Baadaye kidogo, kama anayewaza kwa sauti, shangazi akauliza ni nani katika ukoo anajua mambo ya spika, maana yule wa mwaka jana maikrofoni zilimzimikia wakati wa maombi. Nyinyi mnajua ni nani alijibu. Leo asubuhi pesa zimetumwa tena, na mpaka sasa hazijarudi.

Kamati inakutana Jumamosi saa nane, na nimesikia ukumbi waliochagua una ngazi sita mlangoni. Ameshaanza kuwauliza kwenye kikundi fundi wa sauti ataingilia wapi, na mpaka sasa kuna kumbi mbili nyingine zimependekezwa.

Ananionyesha kwa kidole kwamba betri imebaki asilimia nne, na kuna mama amesimama pale mezani anataka simu yake. Haya, mwacheni akafanye kazi. Tuonane Jumapili.