Jinsi ya Kulielewa na Kulitumia Neno la Kiingereza "Get"

Karibuni, watazamaji. Ninarekodi somo hili Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, na nyuma yangu mnaona dagaa wakishushwa mitumbwini. Mifano ya leo itatoka hapa hapa, hivyo chukueni daftari na kalamu.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba "get", neno ambalo Kiingereza kililipokea kutoka lugha ya kale ya Skandinavia, maana yake ni kupata, tukaishia hapo. Ndiyo sababu mwanafunzi akisoma "I got tired" hujiuliza ni kitu gani kilichopatikana.

Kwanza, msilitafsiri kabla ya kutazama neno linalolifuata. Likifuatwa na jina la kitu, kupata kunatosha: "I got two fish", nilipata samaki wawili. Likifuatwa na "to" pamoja na mahali, maana yake ni kufika: "We got to Ukerewe", tulifika Ukerewe.

Hatua ya pili ndiyo ninayowaomba muikazie macho, kwa sababu hapa "get" hufanya kazi ambayo sisi huifanya kwa mwisho wa kitenzi. "The net got torn" ni wavu ulichanika. "He got robbed" ni aliibiwa. "She got them to laugh" ni aliwachekesha. Someni tena miisho hiyo kwa sauti: -ka, -wa, -sha, kumbe kauli tulizozisoma katika sarufi ya Kiswahili ndizo ufunguo wa neno hili. Nimewasikia wanafunzi hodari wakisema "I became wet", sentensi isiyo na kosa la sarufi, lakini ambayo Mwingereza aliyenyeshewa haisemi. Yeye husema "I got wet", nimelowa.

Tatu, yapo maneno madogo yanayoambatana nalo, nayo hujifunzwa kwa kuyatumia: "get up" ni kuamka, "get on" ni kupanda kivuko au basi, "get off" ni kushuka. Na mtu akikueleza jambo likakuingia, mjibu "I get it", yaani nimeelewa.

Sasa sitisheni video, kisha tafsirini sentensi hii bila kutumia kitenzi kupata hata mara moja: "We got to the shore, got wet, and got the canoe repaired."

Jibu ni hili: Tulifika ufukweni, tukalowa, kisha tukatengenezesha mtumbwi.