Usichome CD kwa 52x! Spidi ninayotumia mimi hii hapa

Oyaa watu wangu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, karibuni. Leo tunachoma CD ya nyimbo itakayopiga kwenye redio ya gari, kwenye deki ya zamani nyumbani, kote. Watu wa kwaya na kaswida hii yenu kabisa, maana mnaniletea CD zinaruka mnasema mmeuziwa feki, kumbe mara nyingi CD ni nzima, spidi ndo imeharibu.

Haya, CD tupu hii, nauza hapa dukani Chikongola. Ishike ukingoni, huku chini usiguse. Weka kwenye draivu, fungua Nero, ile programu ya kuchomea CD, chagua Audio CD, buruta nyimbo, zisizidi dakika 80. Hapo mnapajua, twende.

Sasa hapa tulieni. Kabla hujabonyeza Burn ya mwisho tafuta palipoandikwa Write speed... ngoja, dirisha linamulika skrini, nifunge pazia... haya, mnaona? Imeandika Maximum. Shusha, weka 16x, yaani mara 16 ya spidi ya kawaida ya kupiga CD. Usiiache Maximum jamani.

Iko hivi, CD tupu ina tabaka la rangi, leza inaipasha moto inaacha alama, na urefu wa hizo alama ndo muziki wenyewe. Kwenye 52x diski inafika karibu mizunguko elfu 10 kwa dakika, leza inapita mbio mno, alama zinaweza kutoka na kingo mbovu. Deki nzima inayasahihisha makosa yenyewe husikii kitu, ila deki iliyochoka, tena kwenye gari linalopanda Newala na ile mitikisiko, inashindwa, inaruka. Na unaokoa nini? CD iliyojaa kwa 16x ni kama dakika 5, kwa 52x karibu 3. Dakika mbili tu!

Wengine wanasema basi choma 1x. Hapana, CD za siku hizi rangi yake imetengenezwa kwa spidi kubwa, ukienda polepole sana nako zinaweza kutoka vibaya, na draivu nyingi hiyo 1x hazikupi kabisa. Mimi napenda ya katikati.

Chagua Disc-at-once, leza iende moja kwa moja isizimike kila wimbo ukiisha. Kama ni laptop iwe na chaji, umeme ukikatika katikati CD hiyo basi tena.

Burn. Wakati inachoma usifungue mavideo mengine.

Imetoka, unaweka ya pili? Angalia TENA Write speed! Kila CD unayoingiza, angalia.

Kujaribu, tumia deki kuukuu kuliko zote ulizonazo, na usisikilize wimbo wa kwanza, ruka mpaka wa mwisho. CD inachomwa kutoka ndani kwenda nje, na ukichoma kwa 52x ni huko ukingoni ndo draivu inafikia spidi yake yote, kwa hiyo makosa mengi yanajificha huko... sikieni, imepita safi.

Juu andika na maka pen laini, peni ya wino usitumie, inakwaruza. CD tupu nipo nazo, moja moja na boksi zima.