Bakuli la China lilikuwa linamwonyesha nani?

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Wengi mmefika kwenye magofu ya Gedi pale karibu na Malindi, au Kilwa Kisiwani, mkaona vile vigae vya vyombo vilivyovunjika, vya kijani na vya buluu, anayewatembeza anasema "hivi vimetoka China" mnapiga picha mnasonga. Sasa mimi nauliza, huyo tajiri wa miji hii ya pwani, wa karne ya 14 au 15, bakuli la China alikuwa analifanyia nini? Maana kupika alipikia chungu cha udongo cha hapa hapa, na ukichimba miji ile vigae vya kienyeji ndo vimejaa, vya nje ni vichache mno.

Angalia alikuwa analiweka wapi. Nenda kwenye lile kaburi la nguzo la Mambrui, kaburi lenye mnara wa mawe, huko huko upande wa Malindi, mabakuli yamepachikwa ndani ya chokaa kabisa. Hapo hakuna wa kulia wali, si ndio? Kazi yake kuonekana tu.

Kuonekana na nani sasa? Mtasema na maskini wa nyumba za udongo, ni kweli, lakini mimi naona aliyelengwa hasa ni mgeni. Yule msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mogadishu 1331, anasimulia chombo kikitia nanga vijana wanakiendea na mashua wamebeba sahani za chakula, kila mmoja anamdaka mfanyabiashara wake, "huyu mgeni wangu", basi akishafikia kwao mwenye nyumba ndo anamuuzia na kumnunulia. Haya, wewe umetoka Gujarat kule India na marobota yako ya vitambaa, humjui mtu, unaingizwa nyumba ya mawe unakuta vyombo vya mbali, si roho inatulia? Huyu ana watu ng'ambo, hawezi kukudhulumu kirahisi. Ibn Battuta mwenyewe sultani alimpelekea mavazi, kitambaa cha hariri cha kiunoni na kilemba cha Misri, yaani mkubwa anajulikana kwa anavyogawa pia.

Na msidhani tulikuwa wapokeaji tu. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, anaandika kwamba watu wa Sofala, kule pwani ya Msumbiji, walikuwa wanafuma pamba yao nyeupe ila rangi hawakuwa nayo, basi wananunua vitambaa vya buluu vya Cambay, bandari ya Gujarat, wanavifumua uzi kwa uzi, wanauchanganya na wao mweupe, wanafuma upya, halafu wanauza kwa dhahabu.