Kilo Moja na Nusu ya Kayabo

Wakubwa shikamooni. Mliokwisha kunisikia mtanivumilia, maana bado watu wanapima uzito leo, wanapima kesho, halafu wanakosa usingizi. Eti wameongezeka kilo moja na nusu kwa usiku mmoja! Hayo ni maji, siyo mafuta. Kilo moja tu ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Ili uipate kwa siku moja, ule kiasi hicho juu ya chakula chako cha kawaida. Hata harusini hujala hivyo.

Kuna mama anauza samaki hapa mwaloni Kirumba, Mwanza, alinijia amenuna: jana 78, leo 79 na nusu. Jioni ulikula nini? "Ugali kidogo tu, Daktari." Na nini? "Na kayabo," yule samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Uliiloweka? Kimya. Kayabo yenyewe ukiipitishia kidole, chumvi inabaki kwenye ukucha kama unga. Sasa mwili haukubali damu izidi chumvi. Unakutia kiu, unakunywa, figo nazo zinabana mkojo mpaka chumvi iliyozidi itoke. Gramu 9 hivi za chumvi hushika lita nzima ya maji, na lita ni kilo. Shirika la Afya Duniani linasema tusifikishe hata gramu 5 kwa siku! Nikamwambia aloweke, amwage maji, akae siku chache bila kupima. Alirudi na 78, bado kanuna: mbona siyo 77?

Namwona mtu pale nyuma anataka kuuliza, basi nisinywe maji? Kunywa! Kiu haiyeyushi mafuta. Nanyi mnaopanda kilima cha Capri Point na majaketi mawili, jasho lile mnalirudisha kwa chupa moja mkishashuka.

Na jirani aliyeacha ugali, akapungua kilo mbili kwa wiki? Akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kila gramu hukaa na maji gramu 3 hivi. Akiba ikiisha, maji yanaondoka nayo. Akirudia ugali, yanarudi. Ugali hauna kesi hapo.

Habari ya hedhi nilitaka niieleze vizuri, muda umekwisha. Uzito kupanda siku chache kabla yake ni kawaida. Pimeni asubuhi, mkishatoka chooni, kabla ya chai, mizani ileile, mlinganishe wastani wa wiki kwa wiki. Ila miguu ikivimba, ukibonyeza shimo linabaki, au unahema ukilala chali na uzito unapanda haraka, usisingizie kayabo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, usinisubiri mimi.