Vifaranga wa Samaki: Acha Kalenda, Angalia Tumbo

KATO: Haya karibuni tena watu wa tangi la kioo, mimi ni Kato, niko Kampala hapa, na kwenye simu yuko dadangu Sauda kule Jinja. Dada, habari za Jinja?

SAUDA: Nzuri tu, joto. Ulinitumia mesej jana usiku saa sita, nikajua kuna msiba.

KATO: Msiba kweli. Enjeli wangu, wale samaki wa mapezi marefu, walitaga juu ya kigae, mayai kama mia mbili hivi. Leo nina tisa.

SAUDA: Bambi! Tisa?

KATO: Tisa, nimehesabu mara tatu. Na mayai yaliangua vizuri kabisa, siku mbili tu nikaona vijikia vinatikisika pale kwenye kigae, mimi kwa furaha nikakimbia jikoni nikachemsha yai la kuku, nikasaga kiini na maji kidogo, nikawamwagia.

SAUDA: Siku hiyohiyo?

KATO: Hiyohiyo. Si watoto? Watoto wanakula.

SAUDA: Ssebo, umempa posho, yaani ugali, mtoto ambaye hata mdomo bado haujafunguka.

KATO: Banange.

SAUDA: Sikia. Wale uliowaona wanatikisa mkia siyo vifaranga bado, hao ni viluwiluwi wa samaki tuseme, hawaogelei, wamenata kwenye kigae kwa kichwa, maana kichwani wana kitu kama gundi kinachowashika wasianguke chini. Na tumboni kila mmoja amebeba kifuko cha kiini, chakula chake cha mama, kamili. Ukimulika na tochi ya simu kwa upande utaona, tumbo limevimba la manjano na macho mawili meusi, basi, hakuna kingine. Huyo hahitaji chochote kutoka kwako ila maji safi, joto la nyuzi 27 au 28, na hewa.

KATO: Kwa hiyo lile yai lilikwenda wapi?

SAUDA: Lilikaa chini likaoza. Asubuhi maji yalikuwaje?

KATO: Meupe. Kama maziwa ya chai.

SAUDA: Ndo hivyo. Amonia, sumu ya kile chakula kilichooza. Wewe hukuwaua kwa njaa, uliwaua kwa shibe ya maji.

KATO: Sasa nitajuaje wakati wa kuwalisha? Maana nimesoma huku wanasema siku ya tano, kule siku ya saba, nimechanganyikiwa.

SAUDA: Kuna wanaohesabu toka kutaga na kuna wanaohesabu toka kuangua, halafu joto nalo, hapo kwako Kampala usiku kukipoa na hita hakuna, kila kitu kinachelewa. Ndo maana mimi kalenda niliacha. Naangalia tumbo. Kifuko kinapungua, kinapungua, halafu asubuhi moja unakuta wameachia kigae wanaelea kundi zima kama vumbi kwenye mwanga wa dirisha. Enjeli mara nyingi ni kama siku tano baada ya kuangua. Siku hiyo ndo unalisha. Ukichelewa sana baada ya hapo pia wanakufa, kwa sababu akiba imeisha na tumbo ni dogo, halibebi njaa.

KATO: Na nalisha nini? Yai tena?

SAUDA: Yai ni la dharura, tena ncha ya kijiti tu. Enjeli wape atemia, vile vijidudu vya maji ya chumvi kama kamba wadogo sana. Chukua chupa ya maji ya lita moja, weka chumvi gramu 25 hivi, pampu ya hewa itoe mapovu muda wote, mayai ya atemia kama nusu kijiko cha chai, weka karibu na taa. Kesho yake saa hizihizi wameangua, rangi ya chungwa. Zima hewa, subiri dakika kumi, maganda yanapanda juu na wenyewe wanafuata mwanga chini, unawavuta na kampira kembamba, unachuja kwa kitambaa, unasuuza na maji yasiyo na chumvi ile chumvi itoke. Maganda usiyape, yanaziba utumbo.

KATO: Kazi yote hiyo kila siku?

SAUDA: Kila siku, chupa mbili zinapokezana. Lakini raha yake! Unamwaga kidogo, dakika tano tumbo la kila kifaranga limegeuka chungwa, unaona kabisa nani amekula nani hajala. Hakuna kubahatisha. Wape mara tatu nne kwa siku, kidogokidogo, maana atemia kwenye maji yasiyo na chumvi wanaishi masaa machache tu kisha wanakufa na kuchafua.

KATO: Lakini dada, mbona samaki wa gapi hawana mambo haya? Mwaka jana nilikuwa nao, mama anazaa, watoto wanaogelea wanakula siku hiyohiyo.

SAUDA: Gapi hatua zile zile amezipitia, tena zote, ila amezipitia tumboni kwa mama, mwezi mzima hivi. Anatoka kiini ameshamaliza. Na nkejje, samaki wetu wadogo wa ziwani, je? Jike anabeba mayai mdomoni, wiki mbili hadi tatu, wakati huo hali chochote, shavu limevimba kama mtu mwenye jino bovu, akiwaachia wanatoka samaki kamili. Kwa hiyo ni kitu kilekile, huyu anakipitia tumboni, huyu mdomoni, enjeli wako kwenye kigae mbele ya macho yako, ndo maana unapata presha.

KATO: Hahaha, kumbe. Nkejje mimi namjua wa kukaushwa tu, jaja alikuwa anatusagia kwenye uji.

SAUDA: Na Wazungu wanawafuga kwenye vioo kwa bei! Kuna mmoja wa upande wa Mwanza, mgongo mwekundu, ubavu manjano na mistari myeusi, jina lake la kisayansi Pundamilia nyererei. Nyerere yule yule.

KATO: Acha!

SAUDA: Kweli. Ila wengi wa jamii yao sangara aliwamaliza miaka ya 80, hiyo tutaongea siku nyingine.

KATO: Turudi kwa tisa wangu. Hawa wamebaki wana wiki tatu, lakini siyo enjeli, wamekaa kama dagaa tu, nikadhani nimepunjwa.

SAUDA: Hujapunjwa. Mwanzoni wote wanafanana, mapezi marefu yanaanza kupanda kuanzia hapo wiki ya tatu, ya nne, usiwafukuze bado. Tangi lina lita ngapi?

KATO: Ishirini. Si wanakua kulingana na tangi?

SAUDA: Uongo huo wa sokoni. Samaki hajui ukubwa wa kioo, anadumaa kwa uchafu wake mwenyewe. Badilisha maji kidogo kila siku, robo hivi, joto lilelile, na filta iwe ya sponji, ile nyingine inawanyonya.

KATO: Ya kunyonya ndo niliyo nayo.

SAUDA: Tisa, umesema?

KATO: Asubuhi walikuwa tisa.

SAUDA: Kato, kata simu uende ukaizime hiyo filta.

KATO: Kwa leo jamani... narudi.