Sosi ya mapichi ya nyama choma: kuifunga kwenye chupa bila kuhatarisha familia

Habari zenu wapendwa, karibuni jikoni kwangu hapa Georgia, Marekani. Huu ndio msimu wa mapichi, na sosi hii ina mapichi, siki, sukari, vitunguu maji, saumu na pilipili. Upishi wenyewe leo siugusi, maana wengi mmeniuliza namna ya kuifunga ikae kabatini.

Yupo dada wa Mbeya ameniandikia kwamba huchemsha sosi ya maembe, akaimimina ya moto kwenye chupa kuukuu za jamu, akazipindua, basi. Dada yangu, nakusihi, acha. Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Mwenyewe hufa kwenye maji yanayochemka, mbegu zake hazifi. Zikifungiwa pasipo hewa, ndani ya chakula kisicho na uchachu wa kutosha, zinaamka na kutoa sumu. Harufu unaweza usiisikie kabisa. Aliyekula macho yanaingia ukungu, kope zinalegea, kumeza kunakuwa shida, mwisho pumzi. Mwaka 2015 kule Lancaster, jimbo la Ohio, waumini walikula pamoja saladi ya viazi vilivyofungwa nyumbani kwa maji ya kuchemka tu. Watu 29 waliugua, mmoja akafariki.

Kinachotulinda ni uchachu: pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, isizidi 4.6. Mapichi ya njano yako chini ya hapo. Meupe mengine huvuka, ndiyo maana wataalamu wa hapa wanakataza kuyafunga kwa kuchemsha chupa kwenye maji. Embe lililoiva sana nalo huweza kuvuka, na vitunguu na saumu vina uchachu mdogo mno. Kwa hiyo usiongeze saumu ati kidogo tu, wala usipunguze siki kwa kuwa inakukereketa. Iwe siki ya asilimia 5, soma lebo. Unga wa kuifanya nzito utie siku ya kula.

Sasa tazameni hapa. Sosi naiachia nafasi chini ya mdomo wa chupa kama resipi inavyosema. Nafuta ukingo kwa kitambaa safi, maana hata tone la sosi linazuia kifuniko kushika. Kifuniko ni kipya, na pete yake naikaza kwa ncha za vidole tu. Kisha chupa nazichemsha kwenye sufuria kubwa la maji: zizame kabisa, maji yapite juu yake inchi moja au mbili, na dakika nazihesabu maji yakishatokota.

Dada wa Mbeya, huko kwenu mlimani maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo dakika zinaongezwa. Kiasi gani, kimeandikwa kwenye resipi zilizopimwa maabara; mimi nafuata za Chuo Kikuu cha Georgia.

Kesho yake bonyeza kifuniko katikati. Kikibonyea na kurudi, chupa hiyo iende kwenye friji. Na kama sosi umeibuni mwenyewe, hata iwe chachu namna gani, usiifunge. Igandishe kwenye friza, utoe kiasi kila mkichoma nyama.